Mbilikimo wa Fundi wa Pancha

Dada anayeziba pancha pale Mtito Andei huja kucheza nasi kila Jumapili baada ya kanisa, mikono ikinuka solusheni, ile gundi ya viraka. Ni mchezo wa mezani, wa dadu na hadithi. Kila mtu anajitungia shujaa, na Kaloki ndiye mwenye kitabu cha sheria. Dada huketi akiangalia barabara, maana dereva wa lori akisimama huuliza, "Fundi ako wapi?" Humjibu, "Unaongea naye," jeki ikiwa tayari mkononi. Shujaa wake ni mbilikimo mganga, aliyemchonga mwenyewe kwa mti, jinsi babu yake alivyochonga twiga. Na kila Jumapili Kaloki humsomea sheria ile ile: mbilikimo ni mhunzi ama mpiganaji, uganga hapana. Mimi ningeshakitupa hicho kitabu mtaroni. Dada husikiliza mpaka mwisho. Jumapili iliyopita Kaloki alichoka. "Dada, badilisha. Hii dunia haina mbilikimo kama huyo." Dada hakupandisha sauti. Kwa kidole cheusi alimsukuma mbilikimo wake mpaka katikati ya ramani, mbele ya joka la mchezo. "Sasa dunia iko naye," akasema, akarusha dadu.