Mwanangu alivyozipanga nchi za Ulaya kwa vifo vya bunduki

Wakuu, asalaam aleikum.

Mimi ni bibi, nnaishi Al Khoudh hapa Muscat, nyumbani kwa mwanangu. Skuli nliishia darasa la nne Unguja, kwa hiyo anaetaka kusahihisha herufi zangu asahihishe, mie nnaendelea. Haya yametokea Ijumaa mbele ya macho yangu, sikutia chumvi hata chembe.

Mwanangu Salim ni injinia. Binti yake Thuraiya kapata nafasi ya kusoma masters Ulaya, huko kwenye baridi. Barua ilitaka jibu mwisho Jumapili.

Baba mtu kakataa. Sababu? Bunduki.

Wiki nzima kakaa na laptop anatengeneza table. Nchi zote za Ulaya, toka juu mpaka chini, wapi watu wanakufa zaidi kwa bunduki. Nyekundu, njano, kijani. Nchi anayokwenda Thuraiya ikaangukia njano, basi nyumba ikawa matanga.

Kila chakula cha mchana tunasomewa. Samaki anapoa, sie tunasikiliza kati ya watu laki moja wamekufa wangapi.

Nkamuuliza, "Hao walokufa kawaua nani?"

"Mama, hii ni rate."

"Sikuuliza jina lake. Nnauliza kawaua nani."

Mjukuu ndo kanijibu. "Bibi, mle wamechanganywa wote. Walouliwa, walojiua wenyewe, na wa ajali za kuwinda. Nchi nyingine wengi wao ni hao walojiua."

"Na babako anajua?"

"Nshamwambia mara tatu."

Haya. Mie hesabu sina, lakini pishi naijua. Ukitia mchele, kokoto na sukari pamoja, usinambie umepima mchele. Tena kuna nchi watu wake kiganja tu, akitokea mwendawazimu mmoja siku moja, mwaka ule nchi nzima inaruka juu ya majirani zake. Hilo injinia halioni. Anaona rangi.

Ijumaa baada ya sala akaja jirani yetu, mzee Humud, mwanajeshi mstaafu, kunywa kahawa. Kakaribishwa majlis, pale tunapoweka wageni. Hata finjani ya kwanza hajamaliza, Salim kashafungua laptop. Na yeye asomewe.

Sasa wakuu, muelewe. Juu ya kichwa cha Salim, ukutani, imening'inia bunduki ya marehemu mume wangu. Nyumba nyingi hapa zinayo. Arusi ikifika wanaume wanaishusha, wanachezea razha, ngoma yao ya mapanga na bunduki, kisha inarudi kwenye msumari. Wanaiita pambo.

Nkamkata maneno. "Salim, hiyo ya juu yako iko nyekundu au kijani?"

Akacheka. "Mama, hilo pambo tu."

"Lishushe. Mpe mzee Humud alitazame."

"Wallahi Mama, unanifedhehesha mbele ya mgeni."

"Lishushe."

Mzee Humud kaipokea, kageuza mtutu ukutani, kavuta chuma cha ubavuni.

Risasi nzima ikadondoka. Ikabingirika juu ya zulia mpaka kwenye sinia ya halua.

Mzee Humud ndo kauliza, taratibu, "Nani kaitia?"

Salim kainama. "Mimi, ami. Arusi ya Nizwa. Nlitaka nipige hewani, wakubwa wakatukataza. Nkairudisha hivyo hivyo. Nlisahau."

Ile arusi ina miaka miwili.

Nkamwambia, "Toa simu. Nioneshe picha ya Eid ilopita."

Anaijua picha ninayoitaka. Thuraiya kaishika bunduki ile ile, kaegemeza kidevu juu ya mtutu, anacheka. Babake ndo alopiga picha ile. Alimwambia, "Sogea kidogo mama, uso haujatoka."

Akaitazama picha ile mpaka simu ikazimika mkononi mwake. Kisha akasema, "Thuraiya, njoo. Andika jibu. Waambie unakuja."

Mtoto akaandika pale pale mbele yetu. Risasi kaondoka nayo mzee Humud, na bunduki pia.

Msumari nimeuacha ukutani makusudi. Kila Salim akikaa pale anywe kahawa, autazame.

Nlichojifunza ni kidogo. Mtu anahesabu maiti za nchi ambayo hajaikanyaga, na bunduki ya juu ya kichwa chake hajaitazama ndani. Halafu kasoma, mie ndo sikusoma.

Najua humu mna wababa wenye table zao. Karibuni, andikeni, nna ubavu wa kuwajibu. Ila kwanza muiteni anaejua, awafungulie ile ya ukutani kwenu. Mkishaiona ndani, ndo mje mnambie habari za Ulaya.