Ndege Waliopanda Minyaa

Faustina alizaliwa ndani ya hifadhi, kabla haijawa hifadhi. Ukoo wake ulihamishiwa Chimala. Baba yake, Zabron, alibaki, kwa kuwa alishazikwa. Ukubwani Faustina alivaa kofia ya kijani ya hifadhi na kuwaelimisha wageni kuhusu wanyama na mimea. Kazi hiyo aliitaka kwa sababu moja: mwanakijiji haruhusiwi kuvuka geti, mwelimishaji anaruhusiwa. Kila Novemba, siku ya marehemu, alikuwa anang'oa nyasi kaburini, kisha anaendelea na twiga.

Wageni husomewa karatasi ya bwana Adrian, mkuu wa elimu, msomi. Karatasi inasema hapa hapajawahi kukaa mtu. Minyaa inayozunguka kaburi ilipandwa na ndege. Ndege hao walikuwa na nidhamu ya kutisha: walinyoosha mistari pande zote nne, wakaacha na nafasi ya mlango.

Miaka sita Faustina aliwasifu ndege hao. Alhamisi moja wakaja walimu kutoka Ipogolo.

"Samahani, mama," akasema mmoja wao, mwalimu Sosthenes. "Kwetu minyaa hivi tunazungushia makaburi. Hao ndege walikuwa na kamba ya kupimia?"

Wenzake wakacheka. Adrian, aliyekuwa ameongozana nao, naye akacheka, mguu mmoja juu ya tuta la kaburi. "Asili ina maajabu yake, mwalimu. Mama, endelea. Tembo."

Faustina hakuendelea na tembo.

"Ndege mwenyewe umemkanyaga," alisema. "Anaitwa Zabron. Ni baba yangu. Toa kiatu."

"Mama, hilo halipo kwenye karatasi."

"Ndiyo maana nakwambia kwa mdomo. Toa kiatu!"

Alitoa kiatu. Jioni alitoa na barua: Faustina amewapotosha wageni, akabidhi kofia. Walimu, waliopotoshwa, walikuwa wameondoka kaburini kofia mkononi.

Novemba, siku ya marehemu, basi la wanakwaya wa parokia liliingia getini. Wote walikuwa na tiketi, na kiu isiyo ya kawaida ya elimu ya mazingira. Mwelimishaji mpya, binti aitwaye Tumpe, aliwafikisha kwenye minyaa, akafungua karatasi, akaanza na ndege.

Mgeni mmoja alipita kwenye ile nafasi ya mlango, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi.

"Endelea tu, mwanangu," Faustina akamwambia bila kugeuka. "Ulikuwa umefika kwenye ndege."