Konzi ya Kwanza ya Pepeta

Babu yangu Melkiori alikuwa mtu wa kununa. Nasema wazi, na marehemu anisamehe, maana bibi Verediana mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena huku akicheka mpaka ungo ukamtoka mikononi. Watu wa hapa kwetu Mofu wanamkumbuka yule mzee mpiga ngoma ambaye hakukosa sherehe ya mpunga mpya hata akiwa na homa. Nikiwaambia kwamba miaka yake ya mwanzo alikuwa anajificha ndani ngoma ikilia, wananiona natia chumvi. Mimi Digna sijui kutia chumvi. Kaeni niwaeleze, na mtu asinikatize.

Babu hakuwa wa hapa. Kwao ni Unyamwezi, upande wa Urambo, nchi kavu ya mtama na ng'ombe. Alikuja na msafara wa wapagazi, wamebeba mizigo ya Wajerumani kwenda bomani Mahenge, miaka miwili hivi kabla ya vita ya Maji Maji. Walipofika bonde la Kilombero mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa funza, haukanyagi chini. Msafara haukumngoja. Walimlaza pembeni mwa ghala la mpunga la Fulgensi, baba yake bibi, mzigo wake wakamtwika mwingine, wakavuka mto. Haya majina ya ubatizo yalikuja baadaye na mapadri, lakini mimi nawaita hivyo hivyo, sijui kuwaita vingine.

Fulgensi alikuwa mkulima na mvuvi, mtu wa maneno machache. Alimwita binti yake achemshe maji, akachukua mwiba, akakaa chini na kumtoa yule kijana funza mmoja mmoja, kutwa nzima, na kesho yake tena. Babu alimshukuru, lakini kila mara alirudia neno lilelile: "Mguu ukipona, baba, naondoka."

Masika yakamkuta bado anachechemea. Mto ukafurika kama kawaida yake, watu wakahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakawa wanatembeleana kwa mitumbwi. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Babu alishika nguzo ya dungu kwa mikono miwili, akatazama maji yanavyopita chini yake, akauliza, "Jamani, ninyi mnaishi humu kwa hiari yenu?" Bibi alikuwa hajaolewa wakati huo, na anasema alicheka siku ile hadi mbavu zikamuuma.

Maji yalipoanza kupungua, mpunga ukaanza kushika rangi. Hapo ndipo pepeta inapotengenezwa: mpunga unakatwa kabla haujakauka, unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali moto, unapepetwa, unabaki mwembamba na laini, na harufu yake inamtoa hata mgonjwa kitandani. Kitongoji kizima kilikusanyika kwa Fulgensi, na ngoma ikaanza asubuhi. Sasa, pale kwa Fulgensi kulikuwa na desturi moja. Hakuna mtu aliyetia mpunga mpya mdomoni, awe mzee awe mtoto, mpaka mgeni wa nyumba ale konzi ya kwanza, mkono mmoja uliojaa. Walisema babu zao nao waliingia bondeni wakiwa wageni, wakalishwa na watu wasiowajua.

Kosa lao ni kwamba hawakumwambia babu. Nani akumbuke kumweleza mtu jambo ambalo kila mtu analijua? Bibi akatoka na kikapu, akapiga magoti mbele yake, akamnyooshea. Babu akatazama huku na huku. Wazee wamekaa, hawajala. Kwao, kijana kula mbele ya wazee wasiokula ni kukosa adabu kabisa. Akasema kwa heshima zote, "Wazee kwanza."

Watu wakadhani anaona haya. Bibi akamnyooshea tena. "Hapana, dada yangu. Wazee kwanza." Mara ya tatu, vilevile. Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia, ngoma ikanyamaza kwa njaa, na wazee wawili wakaanza kunong'ona kwamba mgeni anayekataa konzi analitakia shamba mabaya. Kaka yake bibi, Raimundi, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma, na alikuwa na mdomo huo! Akapaza sauti, "Wewe Mnyamwezi, matumbo yetu yamekukosea nini?"

Hapo Fulgensi akainuka, akamwinamia, akamweleza taratibu. Babu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akachota, akatia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote wanaomtazama taya. Vigelegele vikapigwa, watu wakavamia vikapu. Yeye akaingia ndani, akalala kifudifudi, akaziba masikio. Ngoma ilichezwa mpaka jioni, hakutoka.

Mguu ukapona. Aliondoka? Thubutu! Ukimuuliza, alisema anangoja msafara. Misafara ilipita, tena mingi tu, naye akawa na udhuru kila mara: mara anashona wavu, mara mguu unamuuma upya. Bibi alijua, Fulgensi alijua, hata kuku walijua. Kabla ya mwaka kwisha akamposa bibi, akapewa. Akalima na wakwe zake, akajifunza kupiga kasia, na alipokuwa akilinda ndege na Raimundi, shemeji yake akamfundisha mapigo ya ngoma kwenye ubao wa dungu. Alikuwa na mikono myepesi. Raimundi alimtania kwamba Urambo walimkosea kumpa mizigo abebe.

Basi sherehe ya pili ilipofika babu alijikalia kwa raha miongoni mwa watoto wa nyumba, bega kwa bega na Raimundi, tayari kungoja pamoja na wenzake. Bibi akatoka na kikapu. Akaja moja kwa moja hadi kwake, akapiga magoti.

"Hata wewe?" babu akanong'ona.

"Nimetumwa na baba," bibi akasema, na moyo wake ukamuuma.

Alikula shingo upande, akaingia ndani. Baadaye akamwambia mkewe maneno ambayo bibi hajayasahau hadi leo. "Nalima hapa, nimeoa hapa, mto huu nauvuka peke yangu. Halafu kila mwaka mnaniita mbele ya watu kuniambia mimi si mwenzenu. Nitakuwa mgeni mpaka lini, Verediana?" Bibi akamwendea baba yake, na Fulgensi akasema tu, "Mwambie avumilie."

Miezi michache baadaye vita ikafika. Sitaki kuieleza sana, kila nyumba ya bonde hili ina ya kwake. Walikuja vijana kwa Fulgensi, wamejifunga mabua ya mtama kichwani, wamebeba dawa ya maji kwenye vibuyu. Wakasema, "Tunamtaka huyu aliyebeba mizigo ya Wajerumani."

Fulgensi akasimama mlangoni. "Huyu amekula konzi ya kwanza ya mpunga wangu mwaka huu," akasema. "Nanyi wawili pale mlikula nyuma yake. Mkimwaga damu yake, mtakula nini mwakani?"

Wale wawili wakatazama chini. Wakasemezana, wakaondoka zao. Babu alikuwa nyuma ya mlango ameshika jembe. Bibi anasema alipokaa chini alisema, "Ile konzi," akashindwa kumaliza.

Raimundi aliondoka na wale vijana. Alikuwa kijana, na nchi ilikuwa imechoka kutumikishwa, nani angemzuia? Kabla hajaondoka alimwekea babu ngoma yake miguuni. "Nishikie, shemeji," akasema. Akapanda Mahenge, na hakurudi. Wakaja askari wa Wajerumani, wakachoma maghala, na njaa ikaingia. Miaka miwili watu walikula mizizi na samaki, wakazika watoto. Hakukuwa na pepeta, wala aliyeitaja.

Katika njaa ile msafara wa Wanyamwezi ulipita. Wakamkuta babu amekonda, wakamwambia, "Twende nyumbani, ndugu yetu. Hapa utakufa." Safari hii hakuwa na udhuru wa mguu wala wa wavu. Akawaambia, "Nimeshikishwa ngoma ya mtu," akawapa kisogo.

Bibi alikuwa ameficha chungu kimoja cha mbegu kwenye matete. Wakapanda, wakavuna kidogo, wakapanda tena. Mwaka wa tatu baada ya vita kuanza, mpunga ukashika rangi. Fulgensi akasema hakutakuwa na sherehe. Pepeta yenyewe kikapu kimoja, na mpiga ngoma hayupo. Hakuna aliyembishia.

Asubuhi ile babu, yule yule aliyekuwa akiziba masikio, akawasha moto uani, akaikausha ngozi ya ngoma mpaka ikakaza, akaanza kupiga. Alipiga mapigo ya Raimundi, kama alivyofundishwa, bila kuongeza lake. Fulgensi akatoka mbio. Bibi anasema alisimama mlangoni anatafuta kwa macho, kama anayetaka kumwona mwanawe. Alipoona ni mkwe wake, akakaa kizingitini akalia. Alipomaliza kulia, akawaambia wanawake, "Haya, twangeni."

Watu wakaja, si wengi, mitumbwi minne au mitano. Wapo waliocheza huku wanalia. Na babu anapiga, jasho linamtiririka, na bibi anasema uso ule haukuwa na kununa hata chembe. Alikuwa anafurahi, jamani! Anawaita watu kwa majina waingie uwanjani.

Pale kwenye ghala, lililojengwa upya, alikuwepo mama mmoja, Eufrasia, aliyeshuka kutoka Mahenge siku nne nyuma. Mume kafa vitani, nyumba imechomwa, miguu imepasuka kwa mwendo. Alikuwa amejikunyata mahali pale pale babu alipolazwa na wapagazi wenzake.

Bibi akatoka na kikapu. Babu kumwona tu akaacha kupiga. Alijua zamu yake. Akafuta mikono pajani, akainuka, akakinga viganja, maana safari hii alikuwa tayari kula bila kinyongo. Bibi akampita. Akampita kabisa, akaenda hadi ghalani, akapiga magoti mbele ya Eufrasia.

Babu akabaki amesimama na viganja vyake hewani. Watu wakaangua kicheko, cha kwanza kusikika pale tangu vita. Fulgensi naye akacheka, macho bado mekundu. "We Melkiori, unangoja nini hapo? Rudi kwenye ngoma, mwanangu. Miaka ile yote sikuwa na mgeni mwingine."

Babu akakaa chini, akalia machozi yakaanguka juu ya ngozi ya ngoma, mtu mzima mbele ya wakwe zake, wala hakujificha.

Lakini Eufrasia alikuwa anatikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Mimi nani nile kwanza? Wenye nyumba wale." Bibi akamnyooshea tena, akakataa tena. Watoto wakakitazama kikapu, na wazee wakaanza kunong'ona.

Babu akainuka. Akavuka uwanja, akachuchumaa mbele ya yule mama. "Dada, shikamoo," akamwambia, "najua unavyojisikia, lakini nakuomba ule. Usipokula, hatuli. Nasi tuna njaa ya miaka miwili."

Eufrasia akala. Kikapu kikazunguka, wazee, watoto, wanawake, na kwa babu kikafika mwisho kabisa, zimebaki chenga tu. Akazikung'utia kiganjani, akazilamba zote, akarudi kwenye ngoma, na siku ile hakuingia ndani mpaka mtumbwi wa mwisho ulipoondoka.