Alama Kwenye Mkono wa Nelly

Hebu mwone Chebet akiingia langoni mwa bustani, saa kumi na moja jioni, jasho likimtiririka mgongoni. Mkono wa kushoto ameshika mfuko wa keki za mwezi. Wa kulia amemshika binti yake Nelly, wa miaka mitano, tena amembana hasa, mpaka mtoto analia, "Mama, unaniumiza." Nyuma yake yuko rafiki yake Jovitha, mwanafunzi kutoka Bukoba, amebeba kandili ya karatasi yenye umbo la sungura. Na mbele yao? Watu. Watu juu ya watu.

Ndiyo wikendi ya sikukuu ya mwezi mpevu, kiangazi kinapoambiwa kiondoke Guangzhou, kusini mwa China, nacho kinakaidi. Familia nzima nzima zimetoka: mabibi kwenye viti vya magurudumu, vitoto vilivyovishwa ganda la balungi kichwani kama kofia. Kandili zimetundikwa kamba kwa kamba, na kila moja ina kikaratasi cha kitendawili. Ukijua jibu unakwenda nalo mezani kudai zawadi yako.

"Dada Chebet, legeza mkono," Jovitha akamwambia. "Mtoto hana mabawa."

"Wewe huna mtoto, nyamaza."

Usimlaumu, ndugu msomaji. Nelly alikuwa na wiki tatu tu katika mji huu. Tangu alipoachishwa kunyonya alilelewa Kapsabet, nyumbani Kenya, na bibi yake, ambaye kwao humwita Kogo. Siku ya kumkabidhi pale uwanja wa ndege, Kogo alimwambia Chebet neno moja tu: "Huyu usinipotezee kama zile katoni zako."

Maana Chebet aliwahi kupotelewa. Mwaka wake wa kwanza wa kununua mikoba kule soko la Shiling, katoni nne zilipotelea njiani kwa sababu hazikuandikwa vizuri. Toka hapo, miaka kumi na mmoja sasa, hakuna kitu chake kisichokuwa na alama. Chupa ya chai, mwavuli, hata sufuria ya ugali, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito alama ile ile ya mizigo yake: CHEBET 088 NAIROBI, na chini yake namba ya simu. Wafanyabiashara wenzake wa jengo la Tianxiu humtania, "Je, mume ukimpata utamwandika pia?" Naye hujibu, "Huyo nitamzungushia na selotepu."

Basi mchana ule, kabla ya kutoka, alimketisha Nelly kitandani, akatoa kalamu, akamwandika alama hiyo hiyo mkono mzima kutoka kiwiko hadi kifundo. Mtoto alicheka kwa kutekenywa.

Lilitokea hivi. Kogo alikuwa ameomba picha. Chebet akamsimamisha Nelly chini ya kandili kubwa ya samaki, akamwachia mkono, akarudi hatua mbili, akapiga. Picha ikatoka na ukungu. Akainama kufuta kioo cha simu kwa ncha ya blauzi. Wakati huo kundi la watoto wa shule likapita kati yao likiimba, na mwalimu mbele na kibendera. Alipoinua macho, samaki alikuwepo. Nelly hakuwepo.

Chebet alizunguka ile kandili mara mbili, kana kwamba mtoto angeweza kujificha nyuma ya karatasi. Kisha akaanza kukimbia.

"Nelly! Nelly wee!"

Sauti yake ikamezwa na ngoma. Kila kichwa cha mtoto kilimfanya aruke, na kila kilipogeuka kilikuwa na uso wa mtoto mwingine. Upande wa chini wa bustani kuna ziwa. Hakutaka kulitazama ziwa, na macho yakawa hayaendi kwingine.

Jovitha akakimbilia walinzi, akawaeleza kwa Kichina chake cha darasani. Kipaza sauti kikatangaza mara tatu, ngoma ikifunika nusu ya maneno. Chebet akasikia jina la mwanawe likizama kwenye lugha ambayo mwanawe haijui.

"Tulia, mama Nelly," Jovitha akasema. "Si umemwandika namba? Atakayemwona atapiga."

Kweli! Chebet akaishika simu kwa mikono miwili kama kifaranga. Dakika tano. Dakika kumi. Simu kimya.

"Uliandika namba gani?" Jovitha akauliza.

Hapo ndipo Chebet akakumbuka. Mkono wake ulikuwa umeandika kama ulivyozoea kuandika, katoni baada ya katoni, miaka yote hiyo. Na kwenye katoni hawaandiki namba ya mwenye mali. Huandika namba ya stoo ya ajenti wa kusafirisha mizigo, ili viwanda vipeleke mzigo huko.

"Mungu wangu. Nimeandika ya stoo kwa Njuguna."

Akapiga ile namba. Imezimwa. Akampigia ajenti Njuguna mwenyewe, ambaye alikuwa kwake akichoma nyama.

"Mama Nelly! Hata sikukuu unaulizia mzigo?"

"Njuguna, mtoto wangu amepotea! Namba ya stoo iko mkononi mwake!"

Kicheko kikakatika. Njuguna akaeleza haraka: simu ya stoo huwa na mzee Chen, mtunza stoo, na Chen amekwenda kijijini kwao kula sikukuu. "Usikate. Nampata kupitia mke wake."

Zilipita dakika ambazo Chebet hawezi kuzihesabu hadi leo. Jua likatua, kandili zikawashwa zote kwa mpigo, watu wakasema "Aaa!" kwa furaha, na yeye akaona jinsi giza lilivyoingia kati ya miti.

Njuguna akarudi hewani, sauti imebadilika. "Kuna mama alipiga. Alipoanza kusoma 088 tu, Chen akamkatiza: 'Leo stoo imefungwa, weka, utaleta baada ya sikukuu.' Akazima simu akaendelea kula."

"Aweke! Aweke mtoto!"

"Alidhani ni mzigo, mama Nelly. Siku nzima anapigiwa hivyo. Sasa Chen analia huko. Namba ya yule mama ninayo, andika."

Jovitha ndiye aliyepiga. Akasikiliza, akaitikia, akamshika Chebet mkono wakaanza kukimbia. "Meza ya zawadi! Yuko meza ya zawadi!"

Walimkuta nyuma ya meza, amekaa kwenye stuli ya plastiki, ganda la balungi kichwani, anatafuna nyama ya tunda lenyewe. Kando yake ajuza mmoja mwenye aproni ya maua alikuwa amemshika kola ya nyuma, amembana hasa, kama Chebet alivyombana langoni. Chebet akaanguka magotini. Akamnusa mtoto shingoni.

Yule bibi akamwaga maneno. Jovitha akatafsiri huku akipangusa macho: "Anasema ameambiwa akuwekee mpaka baada ya sikukuu. Anauliza, Nairobi huwa mnasafirisha watoto kwa meli?"

Chebet akacheka huku akilia. Bibi naye akacheka, kisha akasema jambo jingine, taratibu.

"Anasema mtoto alifika amefuata watoto wa shule, naye akamuuliza kwa ishara jina la mama yake. Mtoto alijua kusema Mama tu."

Nelly akameza balungi. "Mama, kwani wewe unaitwa nani?"

"Chebet."

"Che-bet," mtoto akajaribu, kama mtu anayeonja chumvi.

Lango lilikuwa mbali, na umati ulikuwa umeongezeka maradufu, kila mtu akitaka kuona mwezi. Chebet akatoa kalamu mkobani, akafungua kifuniko, akaushika mkono wa pili wa Nelly, ule ulio safi. Mtoto akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Usiniandike tena, Mama. Sasa nakujua."

Kalamu ikabaki hewani, wazi, wino ukianza kukauka. Je, wewe ungeandika?