Mabuti ya Baba Ndama

Ndama sita walikufa katika banda hili msimu uliopita. Wote walizaliwa wazima, wakasimama, wakanyonya. Wiki ya pili wakaanza kuhara maji, wakalegea, wakafa.

Msimu huu wamezaliwa tisa. Wanane wamevuka. Amebaki mmoja, jike mwenye baka jeupe usoni, na leo daktari wa mifugo anakuja kumtazama.

Mlishaji wao, ambaye shamba zima linamwita Baba Ndama, amepiga magoti kwenye majani makavu akishika ndoo yenye chuchu ya mpira. Ndama ananyonya kwa fujo, povu linamrukia kifuani.

"Taratibu, bibi," anamwambia. "Hakuna anayekunyang'anya."

Kuna jambo wanalolingoja, yeye na ndama. Tajiri mwenye shamba aliahidi: wakipona wote tisa, huyu wa mwisho ni wa Baba Ndama.

Mwaka jana alidhani kosa liko kwenye maziwa. Akabadilisha ndoo, akabadilisha majani, vifo vikaendelea. Daktari alipokuja alimwambia afanye kazi kama kawaida, kisha akakaa juu ya debe akimwangalia.

Baba Ndama alianza kwa ndama wakubwa. Akazoa kinyesi chao, akawalisha. Vichanga akawaweka mwisho, kama siku zote, ili akimaliza kazi ngumu akae nao kwa nafasi na kuwakuna shingo.

"Nilikuwa nawapenda," anasema. "Kumbe nawapelekea ugonjwa kwa miguu yangu mwenyewe."

Vimelea vya tumboni havionekani kwa macho. Ndama mkubwa huweza kutembea navyo bila kuumwa, kwa sababu mwili wake umeshajifunza kupigana. Kichanga bado. Kinga yake ya kwanza huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na akicheleweshwa utumbo wake hauipokei tena. Hapa walikuwa wakisubiri zamu ya kukamua ndipo wampe.

Siku hizi hawasubiri. Na Baba Ndama anaanza kwa vichanga, akivaa mabuti ambayo hayatoki mlangoni kwao.

"Mabuti yana mahali pake, ndoo ina msumari wake," anasema mkewe, ambaye ni mkamuaji hapahapa. "Nyumbani hajawahi kutundika hata kofia."

"Kofia yangu imeshakuharisha, mke wangu?"

"Bado. Lakini inaelekea."

Daktari anafika, tajiri nyuma yake. Anainua mkia, anaminya tumbo, anachungulia kinyesi. Ndama anampiga kichwa gotini, nusura amwangushe.

"Huyu ana nguvu kuliko mimi," anasema daktari. "Amevuka."

Baba Ndama anamgeukia tajiri. "Bosi, umesikia?"

"Nimesikia. Mchukue kabla sijageuza ulimi."

Mkewe anapiga kigelegele, ng'ombe wanageuka kutazama. Baba Ndama anacheka mpaka anashika ukuta. Kibanda atakijenga nyuma ya nyumba, anasema, na mlangoni yatakaa mabuti mengine. Akizaa ndama huyu, dang'a atapewa mtoto wake kabla mtu yeyote hajanywa chai.

Ushindi huu umemgharimu jozi mbili za mabuti, usingizi wa alfajiri, na blanketi zuri la mkewe, lililomfunika ndama siku aliyozaliwa na halitarudi kitandani.

Na ndama sita.