Huyu Atalala Wapi?

Mlima kabla ya kushuka unakohoa. Niliusikia mchana, mvua inapungua, nikadhani ni lori linamwaga mawe juu kwa jirani. Niligeuka nimwambie mdogo wangu Yozefina, na nyumba ilikuwa imeshajaa. Tope lilikuwa baridi, linanuka mizizi iliyokatwa, likanibana mpaka kidevuni. Mkono wake nilikuwa nao. Sikuuachia mpaka watu walipofika na majembe, na walipofika ulikuwa mkono wa kushikwa tu, wenyewe haushiki tena.

Ile harufu ya mizizi niliisikia tena juzi hapa Kamembe, chumbani kwangu, mbele ya kompyuta. Na kompyuta haina harufu, hilo najua hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu.

Binti yangu Divine ana kompyuta kuukuu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Bukavu, na ndani yake mna mchezo wa kutengeneza bustani ya wanyama. Nilikuwa nachambua maharage nyuma yake. Kwanza palikuwa uwanja mtupu. Divine akasogeza kidole, ardhi ikavimba kama andazi kwenye mafuta, ikawa mlima. Akavuta mto, mto ukamfuata na kupiga kelele za maji. Akapanda mianzi, kisha miti mirefu yenye ndevu za kijani kama ile ya msitu wa Nyungwe, na ukungu ukaja wenyewe bila kuitwa. Ua wa chuma aliuficha nyuma ya mawe, ili wageni wafikiri wanyama wako kwao. Halafu akaleta makako, kima wale wa msituni, familia nzima, mama na mtoto amemng'ang'ania tumboni. Yule mama akaangalia huku na huku kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya kupanga.

"Maman, maharage inamwangika," Divine akasema.

Yalikuwa yanamwagika kweli. Nilisahau kama nina mikono.

Pembeni maandishi yakatokea. Nikamuuliza yanasema nini.

"Inasema miti haitoshe. Inauliza huyu makako atalala wapi."

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Maana swali hilo lilikuwa la Yozefina.

Sisi tulikuwa na bustani yetu, huko Gashonga, nyuma ya nyumba, chini ya msitu mdogo uliokuwa unafunika mlima wote kuanzia kwetu kwenda juu. Udongo tuliutoa bondeni. Mimi nilifinyanga ng'ombe wenye pembe kubwa kuliko mwili, wanaanguka kifudifudi kila saa. Yozefina alifinyanga makako. Mto wetu ulikuwa ganda la mgomba, ua wetu vijiti vya miyenzi, mikono inanata utomvu. Na hakuna mnyama aliyeingia kabla Yozefina hajauliza, "Huyu atalala wapi?" Ilibidi nitafute tawi, nilichomeke ardhini, ndipo anakubali. Alikuwa na miaka sita na alinitawala mimi wa tisa.

Mnyama wa udongo mbichi hakai, mvua moja tu anakuwa uji. Wa kuchomwa ndiye anayekaa. Na tanuru la matofali lilikuwa la Kabera. Desturi yake watoto wote waliijua: ukimbebea matofali mabichi kichwani mpaka jioni, anakuwekea wanyama wako katikati ya matofali kabla ya kuwasha.

"Batoto, mulete matofali," alikuwa anasema. "Banyama benu nitabachoma bure."

Kuni zilipomwishia, akautazama msitu wa juu yetu. Ruhusa alipewa na Ruboneka, konseye wetu, kiongozi wa eneo lote. Mama alikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshika kitenge chake. Alimwambia wakikata ile miti mlima utakuja kwetu. Ruboneka akacheka, Kabera naye amekaa pale na chupa yake.

"Maman, mulima iko na miguu?" Ruboneka akauliza.

"Muuvue nguo," mama akajibu, "mutaona kama hauna miguu."

Waliuvua. Na sisi, nawaambia ukweli, tulipiga makofi kila mti ulipoanguka, maana zile zilikuwa kuni za wanyama wetu. Waliiva vizuri sana, wekundu, ukiwagonga wanalia kama sahani. Tukawapanga ndani ya nyumba, mstari mrefu chini ya kitanda.

Siku ile mlima uliposhuka, mama alikuwa sokoni. Waliponichimbua mimi, waliwachimbua na wale wanyama. Hakuna aliyevunjika mguu.

Kwenye mazishi Kabera alisimama akasema ni mvua ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Mama hakuitikia, mpaka anakufa hakuitikia.

Nayakumbuka hayo, Divine akawa anasogeza kidole tena. Miti ya mlimani ikaanza kutoweka, mmoja, mwingine, upande mzima.

"Unafanya nini?"

"Bageni habaone makako muzuri."

"Rudisha."

"Maman, ni mchezo."

"Rudisha miti, Divine."

Akanitazama, akabonyeza mahali. Miti ikarudi yote, papo hapo, na ukungu wake, na makako wamekaa kwenye matawi yale yale kama hawakuwahi kutoka. Nilimwomba afanye tena. Akakata, akarudisha. Akakata, akarudisha. Nililia nikicheka, mtoto akaogopa.

Ruboneka alikufa kitandani kwake. Wewe Kabera upo, una nyumba ya vigae, Jumapili unakaa benchi la mbele kanisani. Mimi langu nimelisema hapa: nilibeba matofali yako, nilipiga makofi. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa mtu mzima, na mama alikuambia ukisikia.

Jumapili hii nitakaa benchi lako. Nitaweka kati yetu makako wa Yozefina, yule uliyemchoma bure. Usinitajie mvua. Mvua sijaiuliza. Nakuuliza wewe.