Sanduku la Purity

Harufu ya mafuta ya taa yaliyomwagikia godoro ndiyo iliyokuwa Desemba yangu. Tuliishi chumba kimoja mjini Nyeri, nyuma ya hosteli za wanafunzi wa chuo, na Mama aliwafulia nguo. Chuo kilipofungwa, waliomaliza masomo waliondoka mbio kama watu waliofukuzwa, wakaacha langoni kila kilichokosa nafasi garini: stovu zenye tambi zilizoungua, viti vya plastiki vya miguu mitatu, ndoo, mapazia, sufuria zisizo na vifuniko. Mimi na Mama tulifika kabla ya ukungu kuondoka, tukachagua. Kikombe changu cha uji kilikuwa kimeandikwa salamu za siku ya kuzaliwa ya mtu nisiyemjua. Majirani walitucheka, kisha wakaja kuomba kukalia kochi letu.

Mama alikuwa na sheria moja iliyonichosha. Kitu chenye jina la mtu kilikaa chini ya kitanda hadi chuo kifunguliwe, maana mwenyewe angeweza kurudi. "Kama iko na jina, iko na mwenyewe," alisema, na kwa Mama hapakuwa na rufaa. Mwaka niliomaliza darasa la nane tuliokota sanduku la bati, la buluu, lile la kwenda nalo shule ya bweni, limeandikwa PURITY kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Barua yangu ya kuitwa kidato cha kwanza ilitaka sanduku kama hilo na kufuli, na Mama alikuwa amemaliza uwezo wake kwenye sare na godoro. Tatizo ni kwamba nilitakiwa kuripoti wiki nzima kabla ya chuo kufunguliwa. Nilimsihi siku tatu, akaendelea kufua tu. Siku ya nne alirudi kutoka sokoni na kufuli mpya, akaiweka juu ya lile sanduku. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikuwa mlangoni nikilikwaruza lile jina kwa jiwe. Nilikuwa nimefuta herufi tatu msichana mmoja alipoingia uani, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Hiyo si sanduku yangu?" aliuliza, wala hakuwa na hasira. Alimweleza Mama kwamba ametoka Naro Moru, kwamba ndugu yake mdogo ameitwa form one na anaripoti kesho.

Mama alijifuta povu mikononi. Akatoa vitu vyangu sandukuni kimoja kimoja, sabuni, sahani, kandambili, akavipanga kitandani. "Chukua, mami. Ni yako."

Purity alinitazama. "Na huyu ataenda na nini?"

"Ataenda tu," Mama alisema.

Nilienda na katoni ya biskuti iliyofungwa kwa kamba ya katani, na ile kufuli mfukoni mwa sketi. Bwenini walinicheka muhula mzima. Purity sikumkasirikia hata kidogo. Niliyemkasirikia ni Mama, kwa miaka mingi. Niliona alinitoa sadaka kwa urahisi mno.

Siku hizi wanafunzi huuza vitu vyao kwa simu kabla hata ya mtihani wa mwisho, na langoni hubaki magodoro yaliyooza. Binti yangu alipoitwa shule ya bweni nilimnunulia sanduku jipya, linalonukia rangi. Mama, ambaye sasa anaishi Othaya, alikuja kuliona. Nilimtolea ile kufuli, ambayo sikuwahi kuitupa, akaigeuzageuza kiganjani muda mrefu.

"Hiyo siku niliskia gate ikifunguka, nikajua ni mwenyewe," alisema. "Niliomba Mungu asiingie."

Nilishikilia kifuniko cha sanduku la mjukuu wake, naye akaifunga ile kufuli kwa mkono wake mwenyewe.